Mgeni Hahojiwi Koo Kavu

Gazeti lilimkuta Bi Mabruka kibarazani, sinia ya mchele mapajani, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Lililetwa na bintiye Zena, karani wa halmashauri ya jiji, ambaye ndiye aliyepewa ile nyumba ya Woodley waliyokuwa wakiishi.

"Mama, umo gazetini," alisema Zena, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeleta habari njema.

Bi Mabruka alijifuta mikono kwa leso, akaipandisha miwani, akasoma. Gazeti lilisema kwamba Ijumaa ijayo kipindi kilichopendwa cha "Kabla Hujalala" kitarudi kwenye televisheni kwa usiku mmoja tu, kutimiza miaka kumi tangu kianze mwaka wa sitini na sita. Chini yake walikuwa wameorodhesha nyakati tamu za kipindi hicho. Wa kwanza kabisa, kwa herufi nene, ulikuwa huu: usiku ambao mama wa chai, asiyejua kusoma wala maana ya taa nyekundu, aliingia studio watu wakiwa hewani akampa mgeni maji. Nchi nzima, gazeti likamaliza, ilivunjika mbavu.

Alisoma mara mbili. Alisoma kwa macho yake mwenyewe, kwa miwani yake mwenyewe, kwamba yeye hajui kusoma.

"Hajui taa!" alisema. "Mimi! Mke wa Athman!"

Mchele ulimwagika, na kuku wa jirani hawakungoja kualikwa.

Ili hasira ile ieleweke, yafaa kwanza ijulikane Athman alikuwa nani. Alikuwa mtu wa ishara za reli. Alimuoa Mabruka kutoka Kibokoni, Mombasa, akamhamisha kutoka stesheni moja hadi nyingine, Voi, Makindu, hata Nairobi, na kila walikohamia dirisha la jikoni lilitazama zile taa. Kwa miaka kumi na minane Mabruka alipika, akafua, akamlea Zena, huku jicho moja liko kwenye nyekundu na kijani. Usiku wa mvua alimshikia mumewe mwavuli huku mume akisafisha vioo vya taa. Athman hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa jambo hilo alikuwa mkali kama kadhi. Taa nyekundu haina mkubwa, alikuwa akisema. Hata gari la moshi la Gavana husimama. Mtoto wao alipoanza kusema, baada ya mama na baba, neno la tatu lilikuwa "simama".

Mwanamke huyo ndiye aliyeambiwa hajui taa. Haya, na tuendelee.

Athman alipofariki, mwaka mmoja baada ya Uhuru, reli iliwataka watoke kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wake, na Bi Mabruka akapanga chumba Ngara. Akapata kazi ya kupika chai kwenye studio za televisheni, mjini. Jikoni kwake kulikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, na ukitoka jikoni kwenda studio ulipita mlango mzito wenye kioo kidogo, na juu ya mlango ilikuwa taa. Ikiwaka nyekundu, ndani wako hewani. Hakuna aliyemfundisha maana yake. Siku ya kwanza tu aliitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali.

Na kile kipindi! Wasikudanganye waliokuwa hawajazaliwa. Kile kilikuwa kipindi. Kila Ijumaa saa nne za usiku, kabla ya wimbo wa taifa na televisheni kufungwa, nyumba yenye televisheni pale Ngara ilijaa watu mpaka wengine wakatazama kwa dirishani. Mtangazaji wake alikuwa Jabir, kijana mtanashati wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye Bi Mabruka alimjua mamake tangu wote wawili hawajaolewa. Kila wiki Jabir alimleta mgeni mmoja na kumhoji. Hawakuwa wakubwa, walikuwa watu tu. Aliwahi kumleta refa wa mpira akamuuliza kwa kejeli kama amewahi kukosea, na yule bwana akatoa daftari mfukoni, akaanza kusoma makosa yake yote tangu mwaka wa hamsini na tatu, tarehe na uwanja, hata mafundi wa kamera wakalia kwa kucheka. Usiku mwingine alikuja Nanyama, mwanamke fundi wa shanga kutoka Kajiado, akakikataa kiti. Kiti kile kilimgeuza kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, alisema. Akaketi sakafuni, na Jabir na suti yake mpya hakuwa na budi kuketi sakafuni naye, na wakazungumza vizuri kuliko siku zote. Bi Mabruka aliyatazama hayo yote kupitia kile kioo kidogo, birika mkononi. Miaka mingi baadaye, akikunja nguo, alikuwa akiyakumbuka na kucheka peke yake.

Hakuna hata moja lililohifadhiwa. Wakati ule kila kitu kilikwenda moja kwa moja hewani, na kikishakwenda kimekwenda. Kilichobaki ni kile watu walichokisimulia. Na msimuliaji mkuu alikuwa Jabir.

Sasa sikiliza kilichotokea hasa.

Ilikuwa Ijumaa ya nne ya kipindi. Mgeni alikuwa mzee Harbans Singh, fundi wa saa wa Ngara, mtu wa miaka sabini na ushei. Alikuja kwa miguu kwa vumbi la Februari, akachelewa, na alipofika tu walimkalisha kitini, taa za studio zikamwakia usoni. Bi Mabruka alikuwa ndiyo kwanza anamimina maji kwenye gilasi. Alipofika mlangoni, taa ilikuwa imeshawaka.

Akasimama. Hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Kupitia kioo alimwona yule mzee. Jabir alikuwa mgeni wa kazi, na hofu ilimfanya aulize maswali kama mtu anayepura mahindi, moja halijajibiwa jingine limekuja. Mzee Harbans akafungua kinywa, ulimi ukagoma. Akameza pasipo na cha kumeza. Akakohoa. Jabir akamtania eti saa ya kooni mwake imepoteza majira, na mtu fulani nyuma ya kamera akacheka. Mzee wa watu akatazama chini, akaanza kuzungusha bangili yake ya chuma mkononi.

Bi Mabruka aliitazama taa. Akamtazama mzee. Kule kwao, adui akibisha hodi hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe ana shari gani. Na huyu hakuwa adui. Alikuwa mzee wa watu aliyealikwa. Alisimama pale kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu.

"Niwie radhi, Athman," alisema. Kisha akausukuma mlango kwa nyonga, taa ikiwa nyekundu juu ya kichwa chake.

"Jabir!" Nchi nzima ilimsikia. "Mgeni huhojiwa koo kavu? Hivyo ndivyo mamako alivyokufunza?"

Jabir akaganda. Mzee Harbans akapokea gilasi kwa mikono miwili, akanywa yote, maji mengine yakamtiririka ndevuni. Uhai ukamrudia. Akacheka, akasema, "Mama huyu najua kazi kushinda nyinyi wote," kisha akasimulia habari za saa ya ukutani ya ofisi moja, ambayo kila Ijumaa aliisukuma mbele dakika tano kwa sababu makarani walimletea sambusa. Kipindi kizima kikawa cheko na hadithi. Mpaka leo kuna watu wa Ngara wanaoweza kukusimulia neno kwa neno.

Lakini kipindi kilipokwisha, mkubwa wao alitoka chumba cha mitambo akiwa mwekundu kuliko taa. Nani amemruhusu mwanamke huyu? Afukuzwe leo leo! Na hapo ndipo Jabir alipomsogelea, akasema kwa upole, "Bwana, msamehe. Mama huyu hajasoma. Hajui taa ile ni ya nini."

Bi Mabruka alifungua kinywa. Zena alikuwa kidato cha pili, na hapakuwa na mwengine wa kumsomesha. Akakifunga. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye akachutama pale mbele yao, sinia tupu mkononi, akaacha wamhurumie.

Wiki iliyofuata barua zilikuja kwa magunia. Watu walimtaka mama wa chai. Basi mkubwa yule yule aliyetaka kumfukuza akaamuru aingie kila Ijumaa na sinia yake amkaripie Jabir, na kwa miaka sita nzima akaingia, kila mara akimwomba Athman radhi kimoyomoyo. "Jabir, mgeni kanywa?" Watoto walimpigia kelele hizo sokoni, naye hakuchukia. Alikipenda kipindi. Alimpenda hata Jabir. Ilikuwa vigumu kutompenda.

Ila ule uongo! Wengine uongo wao huzeeka ukafa. Wa Jabir ulikuwa ukinenepa. Mwanzo alisema tu mama hakujua taa. Mwaka uliofuata, kwenye harusi moja, akasema mama alidhani taa ile ni ya mapambo. Kisha ikawa alidhani ni jiko. Kipindi kilipokwisha mwaka wa sabini na mbili na Jabir akawa mtu wa kualikwa kwenye karamu na kulipwa kwa kuchekesha, ikawa mama alijaribu kuipuliza izimike. Kuipuliza! Mke wa mtu wa ishara, avimbishe mashavu aipulize taa ya stima! Na kila aliposimulia, watu walipiga makofi. Hakuna aliyejiuliza yule mama anaishi wapi, na habari hizo humfikia vipi.

Siku mbili baada ya gazeti, Jumapili, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba Woodley. Jabir akashuka, kitambi kidogo kimeanza, marashi yametangulia.

"Shikamoo, mama!"

Bi Mabruka alikuwa amekaa siku mbili akipanga maneno. Alikuwa nayo yote, yamepangwa kama vyombo kabatini, makali kwa mazito. Lakini Jabir ameingia nyumbani kwake, na aliyeingia nyumbani kwako ni mgeni.

"Marahaba," alisema kwa meno. "Keti."

Akaenda jikoni. Zena alimfuata, akamkuta anakoroga sharubati ya ukwaju kwa nguvu mpaka inaruka ukutani.

"Mama, mwambie basi!"

"Hajanywa."

Akampelekea sharubati. Jabir akanywa, akasifu. Akampelekea mahamri na mbaazi, kwa kuwa huwezi kumpa mtu kinywaji kitupu. Jabir, mtu asiye na haya, akala hamri la kwanza, la pili, la tatu, akiulizia habari za fulani na fulani huko Mombasa, na Bi Mabruka akamjibu kimoja kimoja huku mshipa ukimcheza kwenye paji la uso. Alipochukua la nne, Zena alitoka nje asije akamrukia. Ikaja kahawa. Ikanywewa. Jabir akajifuta midomo, akasema alhamdulillahi.

"Umeshiba?" aliuliza Bi Mabruka.

"Nimeshiba, mama."

"Haya. Sasa sikiza, mwana mkosa adabu wewe."

Akamwambia yote. Taa, Athman, landhi, mwavuli wa usiku wa mvua, kupuliza. Jabir alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama, nilikuokoa," alisema mwishowe. "Wangekufuta kazi."

"Usiku ule uliniokoa, na Mungu akulipe. Na kwenye harusi? Na kwenye karamu zako? Huko nani alitaka kunifuta kazi?"

Jabir akasema tu kwamba watu wameshaizoea ile hadithi, kwamba Ijumaa watataka kucheka, kwamba hakuna anayecheka kwa kuambiwa mama alijua. Alichokujia ni kumwomba aje. Aingie na sinia kama zamani, asimame kwanza aikodolee taa kama hajui ni kitu gani, kisha aingie. Kamera moja itakuwa nje ya mlango imwoneshe. Ni mchezo tu.

"Niikodolee taa," alisema Bi Mabruka.

"Kidogo tu, mama."

Akaanza kukusanya vikombe kimoja kimoja. Zena, dirishani, alingoja kusikia kikombe kinavunjika.

"Nitakuja," alisema Bi Mabruka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jabir, aliyezaliwa na kukulia Pwani, alipaswa kuujua msemo huo. Lakini alikwenda zake anapiga mluzi.

Ijumaa ilipofika, Bi Mabruka alivaa buibui lake jipya, akatia asumini kifuani, akaenda mjini. Ukumbi ulikuwa ule ule, jiko lile lile. Akachemsha chai mwenyewe, akajaza gilasi mbili za maji. Aliyesimamia mlango alikuwa Muthoni, msichana wa miaka ishirini na ushei mwenye hedifoni masikioni, ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia mtu lini aingie. Ukutani kulikuwa na spika iliyoleta sauti za ndani.

Mgeni wa usiku ule alikuwa Chanchal, mwalimu, bintiye mzee Harbans. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Jabir alitaka amkumbuke.

Taa ikawaka. Kwenye spika, Jabir alianza kwa madaha. Akamtaja refa na daftari, watu walioalikwa studio kutazama wakacheka. Akamtaja Nanyama na kiti. Kisha akafika kwenye taa. Akasimulia yote, na jiko, na kupuliza. Studio nzima ikaangua kicheko. "Na mabibi na mabwana," akamaliza, "koo langu limekauka. Sijui mama yuko wapi!"

Muthoni akainua mkono. "Mama, sasa. Angalia taa kidogo, halafu ingia."

Kamera ya nje ilimkodolea. Bi Mabruka alisimama wima, sinia imetulia mikononi, wala hakuangalia juu.

"Mama, ingia."

"Taa imewaka."

"Eeh, najua imewaka! Lakini tuko live, mama, wanakungoja!"

"Mwanangu, huoni ni nyekundu? Nyekundu haipitwi. Hata wewe hukufunzwa?"

Ndani, Jabir alirudia, "Sijui mama yuko wapi!" Kicheko kikawa kidogo. Akarudia mara ya tatu, na hakuna aliyecheka. Muthoni alikuwa anasikia makelele masikioni mwake, mtu wa chumba cha mitambo amepandwa na wazimu. "Amekataa," alinong'ona kwenye kipaza sauti chake. "Anasema taa ni nyekundu. Ndiyo, yeye! Ndiyo yule yule!" Akamgeukia Bi Mabruka, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu ambaye hesabu imemjia. "Kumbe unaijua," alisema.

"Naijua kabla hujazaliwa."

Kwenye spika kulikuwa kimya. Hakuna kitu kirefu kama kimya cha televisheni. Jabir akajikohoza, akajaribu kumuuliza mgeni kuhusu saa. Sauti yake ilikuwa imekauka kweli sasa. Chanchal aliliweka swali hilo kando.

"Bwana Jabir," alisema, "baba alikuwa akituambia habari hii kila mwaka. Lakini yeye alisema ingine. Alisema alimwona huyo mama kwa kioo. Alisimama, akaangalia taa, akamwangalia yeye, akaangalia taa tena, muda mrefu. Baba alisema mama huyo alijua atafukuzwa, na akaingia. Ni uongo?"

Bi Mabruka aliinua uso. Miaka kumi yote, hakujua kuwa yule mzee alimwona.

Spika ilinguruma tu. Muthoni alikuwa ameacha kupunga mkono. Kisha ikaja sauti ya Jabir, ndogo, si ile ya kwenye karamu; ilikuwa sauti ya mtoto wa Mji wa Kale aliyeitwa na mamake.

"Si uongo," alisema. "Mumewe alikuwa mtu wa taa za reli. Alijua. Mimi ndiye niliyesema hajui. Mara ya kwanza nilisema ili asifukuzwe. Zilizobaki nilisema kwa kuwa mlicheka."

Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa ndipo Bi Mabruka alipoitazama taa, na kamera ya nje ikamwona akiitazama, na waliokuwa nyumbani kwao wakaona midomo yake ikisema kitu ambacho hawakukisikia. Muthoni peke yake alisikia.

"Niwie radhi, Athman. Mara hii ya mwisho."

Akausukuma mlango kwa nyonga, akaingia. Jabir alikuwa amelowa jasho, na alipoona gilasi alinyoosha mkono. Bi Mabruka akampita. Akamwendea Chanchal, akainama, akampa maji kwa mikono miwili kama alivyompa babake, akangoja mpaka akanywa yote. Ndipo akarudi kwa Jabir na gilasi ya pili.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kisha muulize mgeni habari za babake. Na umwache ajibu."